Mwenye Ng'ombe na Mwenyewe

Juzi alinijia binti wa jirani, msomi wa chuo kikuu, anayeomba fedha za serikali za utafiti wa alizeti. Akaniamkia vizuri, akaketi, akaniomba nimwombee dua ombi lake lipite. Nikamwambia dua nitaomba, lakini je, masharti umeyasoma? Akasema ameyapitia. Vijana wangu, hilo neno kupitia limeua maombi mengi kuliko upungufu wa bajeti. Njia ndiyo inayopitiwa. Nilimrudisha nyumbani akayasome, na alipoondoka nikabaki kibarazani nacheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka mambo ya Ilongero, nikaona heri niwasimulie na ninyi mnaohangaika na maombi ya namna hiyo.

Mimi nilikuwa karani wa Ofisi ya Mifugo, Singida, Mwingereza akiwa bado anatawala. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga taipu. Serikali ilikuwa na fungu la fedha kwa ajili ya watu waliotaka kuchunguza magonjwa ya wanyama, wadudu, majani ya malisho na mambo kama hayo. Ukitaka fedha hizo unaandika ombi, linapigwa taipu nakala nne, linatiwa lakiri, linapanda lori la posta hadi Manyoni, na kutoka hapo treni inalipeleka Dar es Salaam. Kule kulikuwa na kamati. Kamati ile hatukuwahi kuiona kwa macho, lakini tuliiogopa kama watu wanavyoogopa radi.

Masharti ya mwombaji yalikuwa haya. Awe mtumishi wa serikali. Awe na cheti cha chuo kinachotambulika. Awe na mkubwa wake wa kumdhamini kwa maandishi. Awe na mahali pa kufanyia kazi, pasipo na ugomvi wa ardhi wala wa mali. Sharti la kumzuia Mwafrika halikuwapo, hilo niwaambie wazi. Kilichokuwapo ni vyeti vya namna ambayo Waafrika wenye navyo ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na ukabaki na kidole cha kujikunia.

Aliyenifundisha kusoma masharti ni karani mkuu wetu, Mzee Daudi, Mgogo wa Kilimatinde, aliyesomeshwa na wamisheni hadi akawa anaandika Kiingereza cha mwandiko wa kulala kama nyasi za masika. Yeye alisoma masharti kuanzia mwisho. Nilipomuuliza sababu akasema, ukianza mwanzo utakuta wanakukaribisha tu, utafurahi bure. Anza na mahali wanapokukataza, ukiona hapakuhusu, ndipo ujisumbue na salamu zao. Mpaka leo nasoma hivyo, hata tangazo la mnada.

Mzee Daudi alikuwa na mkasa wake alioupenda kuwasimulia makarani wapya. Sharti moja lilisema mwombaji aambatanishe vielelezo. Kielelezo walichotaka ni ramani au picha ya kuchora. Msaidizi mmoja wa mifugo kutoka upande wa Kiomboi akaambatanisha kupe. Kupe wazima, ndani ya chupa iliyozibwa kwa kitambaa. Chupa ikavunjikia ndani ya gunia la posta kabla halijafika Manyoni. Mzee Daudi alisema barua za Wilaya nzima zilifunguliwa wiki hiyo huku watu wakijikuna, na Bwana DC akatoa waraka kwamba kuanzia siku hiyo kielelezo maana yake ni karatasi.

Na neno lenyewe la kazi lilikuwa taabu. Siku hizi mnasema utafiti, neno tamu. Sisi tulisema uchunguzi. Sasa nenda katika kijiji cha Unyaturu, umwambie mzee kwamba serikali inakuja kufanya uchunguzi wa ng'ombe wake. Ukimaliza kuzungumza utakuta boma halina ng'ombe. Watu walijua uchunguzi wa aina moja tu, ule wa askari mwenye pingu.

Katika ofisi yetu alikuwapo kijana aitwaye Yona, Mnyiramba wa Kinampanda, aliyekuwa amerudi kutoka chuo cha Makerere na cheti kamili cha mifugo. Watu walimwita Bwana Mifugo kama walivyowaita wakubwa wa Kizungu, naye alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye kutembea haraka mpaka viatu vinapiga kelele. Yona alikuwa na jambo moja moyoni. Kila mwaka, masika yakiisha, ndama wa bonde la Ilongero walikuwa wakifa. Wanakonda, wanaharisha, wanavimba chini ya taya, wanalala hawaamki. Kwao Kinampanda alikuwa ameona jambo lile lile akiwa mdogo. Ndama akifa, mama yake hatoi maziwa, na nyumba yenye watoto wadogo inabaki na uji wa uwele mtupu. Yona alitaka kujua ni nini kinachowaua, na alitaka ajue kabla hajahamishwa, kwa kuwa wasaidizi wa serikali walihamishwa kama vyombo vya arusi.

Mkubwa wake alikuwa Mzungu ambaye watu walimpa jina la Bwana Polepole. Alitembea polepole, alizungumza polepole, na Kiswahili alijifunza kwenye kitabu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko chetu. Alisema "la hasha" mbele ya watu ambao hawajawahi kuisikia. Lakini alikuwa mtu mwema. Alisoma ombi la Yona, akaliweka mezani, akasema atamdhamini, na kwamba likipita litakuwa la kwanza la Mwafrika kutoka ofisi yetu. Mimi nililipiga taipu herufi kwa herufi, maana nilijua ninapiga jambo la sisi sote.

Boma alilolichagua Yona lilikuwa la Mzee Ntandu, mfugaji wa Ilongero mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Sharti lilidai mwenye mifugo aridhie, tena aridhie mbele ya mdhamini. Basi tukapanda gari, Bwana Polepole, Yona na mimi na daftari langu. Tukakaribishwa vizuri nje ya tembe, tukaletewa maziwa ya mgando. Bwana Polepole akasafisha koo, akauliza kwa Kiswahili chake kizuri, "Mzee Ntandu, je, mwenyewe wa ng'ombe hawa ni nani?"

Mzee Ntandu akasema wenyewe wapo.

Bwana Polepole akauliza kama si wake. Mzee akasema hapana, si wake.

Hapa lazima nisimame kidogo niwaeleze, kwa kuwa wengi wenu mmelelewa mjini. Kwetu mtu mwenye busara haweki ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Wawili anaweka kwa rafiki, mmoja kwa mjomba, watatu ng'ambo ya bonde. Ugonjwa ukiingia boma moja, hafilisiki. Anayetunza anakunywa maziwa na anapata samadi, na pengine akapewa ndama kwa uaminifu wake. Na jambo hilo ni la siri. Ng'ombe wa mtu hatajwi. Hatajwi kwa sababu ya kodi, hatajwi kwa sababu ya ndugu, hatajwi kwa sababu ya watoto wanaotaka kuoa kabla ya wakati. Boma ukiliona limejaa, usiseme fulani ni tajiri, sema fulani anaaminika. Mzee Ntandu aliaminika sana.

Yona alitaka kueleza hayo, lakini alichelewa. Bwana Polepole alikwisha kuniamuru niandike, na mtu mwenyewe alikuwa amesema ukweli mtupu, sasa Yona amkanushe vipi? Tukaandika kwamba mfugaji ameridhia, ila anasema mifugo si yake. Ombi likaenda.

Jibu lilirudi na karatasi fupi. Kamati haiwezi kutoa fedha kwa uchunguzi wa mifugo isiyojulikana mwenyewe. Chini yake pakawa na mstari mwingine, kwamba nakala imepelekwa polisi ili wajiridhishe. Siku ya pili askari akafika Ilongero kumuuliza Mzee Ntandu ng'ombe hawa ameiba wapi. Mzee alimkaribisha, akampa maziwa, akakaa naye kimya kutwa nzima mpaka askari akachoka, akaaga. Lakini askari alipoondoka, Mzee Ntandu aliita vijana wake, na ng'ombe wakaanza kutawanywa kwenye maboma mengine. Alisema mbele ya majirani kwamba Bwana Mifugo wa Kinampanda amemwita mwizi kwa kalamu.

Yona alikuja ofisini akakaa juu ya kreti la chupa za dawa, akashika kichwa. Nilimhurumia sana. Cheti alikuwa nacho, mdhamini alikuwa naye, ugonjwa alikuwa nao mbele ya macho yake, na anaangushwa na swali dogo la ng'ombe ni wa nani.

Bwana Polepole hakukubali kushindwa. Aliiandikia kamati, na kamati ikasema itapokea ombi tena katika kikao cha mwisho cha mwaka ule, kwa sharti kwamba wenyewe wote watajwe, kila mmoja aweke dole gumba, na majina yao yasomwe barazani ili mwenye pingamizi aseme. Mzungu alifurahi akidhani tumefunguliwa mlango. Mzee Daudi alisoma ile karatasi, akaanzia mwisho kama kawaida yake, akaivua miwani, akasema, hili halipiti.

Kesho yake akaja mama mmoja ofisini na kapu la mayai. Alikuwa Mama Halima wa Ilongero, mjane, mwanamke mrefu wa makamo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka kapu chini, lakini mayai hakuyataja. Akangoja hadi tarishi wetu alipotoka. Kisha akaniuliza kama ni kweli majina ya wenyewe yatasomwa barazani.

Nikamjibu kwamba sharti linasema hivyo.

Akaniambia habari yake kwa sauti ya chini, na alinieleza kwa Kinyaturu, lugha ya nyumbani, ili asikike vizuri zaidi. Mumewe alipofariki, shemeji zake walichukua ng'ombe wote, kama ilivyo desturi, yeye wakamwachia nyumba na shamba. Akaanza na kuku. Kuku wa Singida mnawajua, hawana makuu. Kuku wakawa mbuzi, mbuzi wakawa mtamba mmoja wa ng'ombe, na mtamba huyo akampeleka kwa Mzee Ntandu kwa siri, akazalia huko. Alikuwa na binti wawili na alitaka wasome. Shemeji yake mmoja, Mzee Hamisi, alikuwa mjumbe wa baraza. Jina lake likisomwa pale, shemeji zake wangesema ng'ombe wa mke wa ndugu yetu ni wetu, na baraza lingewapa.

"Mwanangu," akasema, akifunika mayai yake tena, "ukiona hamna njia, andika tu kwamba ndama wangu amekwisha kufa. Kwangu ni sawasawa."

Vijana, nimepiga taipu maneno mengi katika maisha yangu, lakini sijapata kusikia mengine yaliyoniumiza kama yale. Nilikuwa na umri wenu. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikarudi, nikamweleza Yona, bila kumtaja mama jina, kwamba watu watapoteza ng'ombe wao kwa ajili ya sharti hili. Yona akasema kwa upole kwamba kama ni hivyo, afadhali ndama wafe kuliko yeye kumpokonya mtu. Na alimaanisha. Alianza hata kuandika barua ya kuliondoa ombi lake.

Aliyetuokoa ni hasira ya Bwana Polepole, ambayo tuliiona mara hiyo moja tu. Alitaka kwenda mwenyewe kumbembeleza Mzee Ntandu ataje majina. Tukaenda. Mzee alitupokea, lakini maziwa hayakuja. Bwana Polepole akaeleza, akaomba, akarudia. Mzee akawa anatazama mbali. Hasira zikampanda Mzungu, jasho likamtoka, na Kiswahili cha kitabuni kikamtoka pia, akabaki na chetu cha bara.

"Sasa Mzee," akasema, "mwenye ng'ombe hawa nani?"

Mzee Ntandu akamgeukia kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Mimi."

"Wewe? Ulisema si wako."

"Si wangu. Uliniuliza mwenyewe. Wenyewe wapo. Mwenye ni mimi. Ninao hapa, wanalala kwangu, wakila shamba la mtu nalipa mimi, wakifa najibu mimi. Hukuniuliza mwenye."

Nikaona Yona anafumba macho. Bwana Polepole akayazungusha yale maneno mawili mdomoni bila sauti, mwenye, mwenyewe, mwenye, mwenyewe. Kisha akacheka. Alicheka mpaka Mzee Ntandu naye akatabasamu, na mke wa Mzee, aliyekuwa ndani akisikiliza kila kitu, akatoka na kibuyu cha maziwa.

Maana karatasi ya masharti, ile iliyotafsiriwa huko huko makao makuu kwa ajili ya wafugaji, ilisema hivi tangu mwanzo: sahihi ya mwenye mifugo. Neno mwenyewe tulilipeleka sisi kwa ulimi.

Sasa hapa nawataka mfungue masikio, kwa sababu vijana wengi mngefanya ujanja. Mngeweka dole la Mzee, mkakaa kimya, mkashukuru Mungu. Bwana Polepole alikataa. Alisema tukificha leo, siku ndama akifa watatuuliza, na atakayeumia ni Yona. Akaandika barua ya udhamini akaeleza wazi kwamba kwa desturi ya Unyaturu ng'ombe huwa na mwenye na huwa na wenyewe, kwamba mwenye ndiye anayewajibika mbele ya watu na mbele ya baraza, na kwamba wenyewe hawatajwi, na serikali ikitaka watajwe basi haitapata ndama hata mmoja wa kuchunguza katika wilaya nzima. Mzee Daudi alinyoosha sentensi. Mimi nilipiga taipu nakala nne. Barazani likasomwa jina moja tu, la Mzee Ntandu, wala hapakuwa na pingamizi. Kamati ikakubali, na ng'ombe waliotawanywa wakarudi bomani. Hilo ndilo fundisho langu kubwa kwenu: sharti likikubana, usilizunguke kama mwizi wa mtama. Liandikie barua. Waliolitunga hawakai Ilongero, huenda hawajui kinachowapata watu wa huko.

Kabla sijasahau, na matokeo niwape. Yona alifanya kazi yake msimu ule wa masika. Ndama wengine aliwalisha bondeni kwenye unyevu, kama ilivyozoeleka, kwa kuwa ni karibu na nyumbani na watoto wadogo ndio wachungaji. Wengine aliwapandisha kwenye mwinuko mkavu. Wa bondeni walikuwa na minyoo tumboni hadi inatisha. Wa juu walikuwa wazima. Dawa ilikuwa ni kuhama malisho tu. Wazee wakasema, lo, tumewapeleka sisi wenyewe kaburini kwa uvivu wa kupanda mlima. Mpaka leo ukipita Ilongero baada ya masika, ndama utawakuta juu.

Lakini ili kujua hayo, ilibidi ndama waliokufa wapasuliwe, na hapo ndipo palipokuwa na sharti ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelipa uzito. Kwa kuwa ugonjwa haukujulikana, mzoga wote ulipaswa kuchomwa pale pale, nyama, mifupa na ngozi. Kipande chochote kikiondoka, fedha zinasimama na kazi inafungwa.

Wa kwanza kufa walikuwa ndama wa Mzee Ntandu mwenyewe, na hao walichomwa bila neno. Kisha ikaja asubuhi moja, watu wengi wamekusanyika kutazama kama walivyozoea, wakafa wawili kwa pamoja. Mmoja mweusi mwenye baka jeupe begani, mwingine mwekundu. Yona akawapasua, akatia alichokitaka ndani ya chupa, akaagiza wavutwe shimoni. Mzee Ntandu akaja akasimama kati ya shimo na kuni.

Akasema hapa hapachomwi kitu.

Mimi nilielewa kabla Yona hajaelewa, kwa kuwa mimi ni Mnyaturu. Ukiwekewa ng'ombe wa mtu akafa, unampelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo ushahidi wako. Mwenyewe anaikunjua, anaona rangi, anaona baka, anajua ni wake na amekufa kweli. Bila ngozi, umemla au umemuuza, na jina lako limekufa. Nani atakuwekea ng'ombe tena?

Yona akamsogelea, akazungumza naye kama mtoto na baba. Akasema, mzee wangu, nikitoa ngozi moja tu kazi yote imekwisha, na hawa waliokufa watakuwa wamekufa bure. Akasema atamwandikia barua, yeye na Bwana Polepole wataweka sahihi zao.

"Barua haina baka begani," akajibu Mzee Ntandu. "Nitawaonyesha nini watu?"

Yona akasema basi wenyewe waitwe, waje waone kwa macho yao. Mzee akamtazama kwa huruma, nadhani, maana alijua kwamba wenyewe hawahitaji kuitwa. Walikuwa wamesimama pale pale katika kundi la watazamaji, na hawakuweza kufungua mdomo. Pale alikuwapo Mama Halima, amejifunga kanga hadi kichwani. Pale alikuwapo shemeji yake, Mzee Hamisi, na fimbo yake ya mjumbe wa baraza, na kaka yake mkubwa ubavuni pake. Nilimtazama Mama Halima, kisha nikatazama chini, kwa sababu niliogopa macho yangu yasije yakamtaja.

Mzee Ntandu hakuondoka mbele ya shimo. Yona alikuwa ameshika kiberiti mkononi na hakujua akifanyie nini. Nikaona kazi imekufa hapo, na yeye pia aliona.

Ndipo Mama Halima akasogea mbele. Alitembea mpaka ukingoni mwa shimo, akainama, akatazama bila haraka, kama mtu anayekagua mali yake.

"Mzee Ntandu," akasema, "mweusi mwenye baka nimemwona. Ni wangu. Hunidai wala sikudai. Mchomeni."

Kila kichwa kikageuka kwa Mzee Hamisi. Kwa desturi aliyoijua kuliko sisi sote, mjane alikuwa ametoka kumkabidhi ng'ombe wake mbele ya mashahidi, na mama wa yule ndama alikuwa mzima bomani, hatua chache kutoka pale. Kilichobaki ni yeye kunyoosha fimbo amdai. Alimtazama shemeji yake muda mrefu. Kisha akatazama shimoni, akamtazama yule ndama mwekundu, akamtupia jicho kaka yake aliyekuwa ubavuni, na uso wake ukabadilika. Akapiga hatua moja mbele.

"Na mwekundu," akasema kwa sauti ndogo, "nimemwona mimi."

Kaka yake, ambaye hakujua kwamba ndugu yake ana ng'ombe pale, akamgeukia, mdomo wazi. Mama Halima akainua macho akamtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona anacheka, kicheko cha chini chini, akajifunika mdomo kwa kanga. Mzee Ntandu akasogea pembeni. Yona akangoja kidogo, kama kuna mwingine mwenye la kusema, kisha akawasha kiberiti.